Tundu la Pili

Mashine yetu ya boti ina nguvu ya farasi 15 na umri wa kumzidi mtoto wetu wa kwanza. Inalala ukumbini, imefungwa kwenye gogo nyuma ya mlango, na mgeni akiingia kwetu hapa Tongoni hujigonga nayo kabla hajapiga hodi ya pili. Mama Saidi anaiita mke mwenzake. "Mwenzangu kaogeshwa leo?" huniuliza nikirudi baharini, maana isipopitishiwa maji ya baridi yasiyo na chumvi, njia zake za kupozea huziba, nawe utaishia kuuza vyuma chakavu.

Msimu wa kusi uliopita ilianza vituko. Inawaka kwa mvuto wa pili, inakwenda vizuri kama dakika kumi, kisha inakohoa na kuzima. Ukifungua kifuniko cha tangi kuchungulia, mafuta yapo. Ukivuta kamba, inawaka. Dakika kumi tena, kimya.

Mimi, kwa kujiamini kusikokuwa na cheti, nikasema ni kabureta. Nikaifungua juu ya meza ya chakula. Ndani mna jeti, kijipande cha shaba kidogo kuliko punje ya hindi, kina tundu ambalo ukilielekeza kwenye jua unaona nukta tu. Nikaenda kwenye cherehani ya Mama Saidi, nikachomoa sindano namba 14, nikalichokonoa tundu lile mpaka roho yangu ikaridhika.

Ikabaki kujaribu. Mashine ya boti haiwashwi kavu. Impela ya mpira ndani ya pampu huungua mara moja. Na chombo pekee nyumbani chenye kina cha kutosha kilikuwa pipa la maji ya kunywa, lililojazwa ndoo kwa ndoo tangu alfajiri, kwa kuwa mama mkwe alikuwa njiani kutoka Pangani. Sitaeleza sana. Maji yaligeuka rangi ya chai ya maziwa, juu yakaelea utando wenye rangi za upinde wa mvua, na moshi uliotoka ulimtoa jirani nje akidhani banda la jikoni linaungua. Mama mkwe alikaa siku tatu. Alikunywa madafu.

Siku ya nne nikaingia baharini na Saidi ili niwanyamazishe. Dakika kumi, puu. Maji yanakupwa, upepo unatusukuma, tukakaa juu ya fungu. Mwaka 1498 jahazi la São Rafael la akina Vasco da Gama lilikwama kwenye mafungu ya upande wetu huu; maji yalipojaa likanyanyuka, na mwaka uliofuata, wakirudi kwao, mabaharia wakiwa wamepungua mno, walilichoma moto hukuhuku. Nilimweleza Saidi habari hiyo tukisubiri maji yajae. Akauliza kama nasi tuna kiberiti.

Tulirudi kwa pondo, magharibi imeshaingia. Mama Saidi alikuwa jikoni na dumu jipya la mafuta ya kula. Alilitoboa tundu moja, akaliinamisha. Mafuta yakatoka tone, yakagugumia, yakakataa. Akatoboa la pili upande wa juu, yakashuka kama uzi. Akanyamaza kidogo, akaligeukia tangi la petroli nililokuwa nimelitua mlangoni.

"Baba Saidi, mbona hili mashavu yameingia ndani?"

Kweli, ubavu wa plastiki ulikuwa umebonyea kama mdomo wa kibogoyo. Juu ya kifuniko pana kiskrubu cha kupitishia hewa, ambacho mtu hukifunga akisafirisha tangi na kukifungua kabla ya kuwasha. Nilikifunga siku nilipolipakia kwenye bajaji kutoka mjini. Mama Saidi akakizungusha kwa vidole vyenye unga. Tangi likavuta pumzi, fyuuu, ubavu ukarudi mahali pake.

Tangu hapo mashine haizimi. Ila ikiwa kwenye sailensa inafuka moshi mweusi na kulowesha plagi, kwa sababu shaba ni laini, na tundu la jeti sasa linapitisha petroli kuliko kipimo chake. Nimeagiza jeti nyingine Tanga mjini. Kwenye karatasi ya maagizo Mama Saidi ameongeza kwa mkono wake: sindano namba 14, pakiti nzima, na pipa.