Ukibebwa, Bebeka

Kwa Wasanifu wa League of Legends,
Riot Games,
Los Angeles, Marekani.

YAH: MAOMBI YA NAFASI YA PAKA

Ndugu wasanifu,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mkazi wa Dar es Salaam, mwenye akili timamu na miguu isiyopenda kazi. Nimewapitia mashujaa wa gemu lenu, wenye mapanga na wenye mizinga, nikaridhika kwamba kazi inayonifaa ni moja tu: ile mliyompa Yuumi, paka wa kichawi, Mei 2019.

Barua ya wazi hupita mikononi mwa wengi kabla ya kumfikia mwenyewe, kwa hiyo niwaeleze kwanza hao wengine. Timu ni mbili, za watu watano watano. Uwanja una njia tatu na msitu kati yake, na kila upande unataka kuibomoa ngome ya mwenzake. Wachezaji wa kawaida hutembea, huumia, hufa, husubiri kufufuka. Yuumi yeye humrukia mwenzake na kukaa mwilini mwake. Tangu hapo hatembei, anapelekwa, na hakuna shujaa wa upande wa pili anayeweza kumlenga. Mishale ikija ni ya mwenye mabega. Paka hurusha kombora lake, akalipindisha kwa kipanya mpaka limpate adui; humpa mbebaji wake ngao na kasi; mambo yakinoga hufungua kitabu, mawimbi yakatoka. Baina ya hayo mikono iko huru. Wachezaji wenyewe hutania kwamba anayemwendesha paka huyu ana nafasi ya kwenda kuchemsha chai.

Malipo ndiyo yaliyonimaliza kabisa. Askari wadogo wakiuawa njiani, uzoefu hugawiwa walio karibu, na karibu kuliko mabegani ni wapi? Shujaa wa adui akianguka, paka aliyetoa hata ngao moja hupata dhahabu yake ya kusaidia. Huku kwetu tunaijua posho ya kikao, lakini hata waheshimiwa wetu hulazimika kuingia ukumbini kwa miguu yao.

Nimewatazama na wasaidizi wenu wengine, nikawahurumia. Soraka, mliyenaye tangu 2009, akimponya mwenzake hukatwa afya yake mwenyewe. Braum husimama mbele na ngao iliyokuwa mlango, akipokea risasi zisizo zake. Watu hawa walisaini mkataba bila kuusoma.

Chukueni tukio la kawaida kabisa. Jinx, mpiga risasi wa timu, yuko njia ya chini anapunguza askari, paka yuko juu yake. Mkono wa chuma wa adui, Blitzcrank, unachomoka majanini, unamnasa Jinx na kumburuta hadi katikati ya maadui. Paka anaburutwa naye, bila mkwaruzo. Anatoa ngao. Ngao inapasuka. Jinx anakufa, na ndipo paka anajikuta ardhini, ana miguu minne na hajui aanze na upi. Hapo ni laini kama maini, na akipigwa na kitu cha kumduwaza, ruhusa ya kumrukia mtu mwingine inafungwa kwa sekunde kadhaa. Lakini mwenzao Garen akitokea mapema, amekwisha kumpanda na safari inaendelea. Kwenye hesabu za mechi kinaandikwa kifo kimoja, cha Jinx. Nimesoma maelezo ya kazi nyingi maishani mwangu, na sijaona kifungu kizuri kama hicho.

Kinachonisikitisha ni jinsi mlivyomwandama mtumishi huyu. Malalamiko yalikuja tangu mwanzo, nanyi mkawa mnampunguzia hiki na kile, sasisho baada ya sasisho. Februari 2023, katika toleo la 13.4, mkamfumua na kumshona upya. Uponyaji wake wa kila mara mkaugeuza ngao. Mkamwekea urafiki wa pekee na mmoja wa timu, awe na manufaa zaidi akimkalia huyo. Zamani ilimbidi aruke chini akamkwaruze adui ili apate tuzo yake ndogo. Siku hizi hata kombora likipata linatosha. Kwa maneno mengine, mmempunguzia kila kitu isipokuwa kitanda.

Na waliolalamika hawakuwa wakilia na kiasi cha uponyaji. Walilia kwamba anayewasumbua hawezi kupigwa. Paka asiyeguswa akiwa na nguvu, upande wa pili hauna la kufanya. Akiwa dhaifu, upande wake ndio unaoumia: wanapigana watano wakiwa na miili minne, mpiga risasi anawakabili wawili njiani, na wa kuingia kichakani kuweka kitu cha kumulika adui hayupo, maana mwenye jukumu hilo amekalia bega la mtu mwenye shughuli zake. Kwa hiyo mnapandisha tarakimu, mnashusha tarakimu. Mimi ningewashauri muendelee hivyo hivyo, kwa sababu siku mkilishika tatizo lenyewe nafasi ninayoiomba itafutwa.

Mlisema mnataka awafae wanaojifunza, asitawale tena mechi za wanaolipwa. Nakiri wazo la mgeni kumpanda mzoefu na kutazama mechi kutoka juu lina huruma ndani yake. Nami ndivyo nilivyoonyeshwa mambo mengi. Ila somo la kwanza la gemu hili ni wapi pa kusimama, na mwanafunzi wenu hajasimama popote.

Sifa zangu ni hizi. Seva zenu ziko mbali na Dar es Salaam, hivyo mtandao ukikwama kidogo tu mshale huwa umeshanipata kabla sijauona. Nikikwepewa na mtu wa Ulaya mwenye mtandao mzuri, nitamshukuru kwa dhati na kwa ngao. Kitabu sina, maana Yuumi alikipata kwa mmiliki wake Norra aliyetoweka, nami sina wa kunirithisha. Uzoefu ninao: nimewahi kukaa kwenye kamati. Wadhamini nitawaleta mkiwahitaji, ingawa ni haohao wanaonibeba sasa, na wangefurahi kunishusha.

Kuhusu nauli ya kuja kwenye usaili, msihangaike. Nitajieni tu jina la mtu wenu anayesafiri kuelekea huko, nitadandia.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwombaji