Mwongozo kwa Mwanaume Asiyetaka Kujua

Kwanza, usihesabu mara unazoamka usiku kwenda haja ndogo. Mkeo akiuliza, sema ni chai ya jioni. Akikujibu, "Baba Juma, chai si uliacha?", geukia ukutani ulale. Mkojo ukianza kukatika-katika hadi wapangaji wenzio wanagonga mlango wa choo, singizia baridi, hata kama unaishi Temeke na ni mwezi wa pili.

Ni kweli kwamba mara nyingi dalili hizo huletwa na tezi dume iliyokua kwa umri tu, wala si saratani. Ni kweli pia kwamba saratani yenyewe inaweza kukaa miaka bila dalili yoyote. Lakini mambo hayo ni ya watu wanaopenda kujua.

Pili, kiogope kidole cha daktari anayepima tezi. Hapa usilegeze hata kidogo. Kijiweni utasimuliwa habari zake na watu ambao hawajawahi kupimwa, nawe waamini hao hao. Aliyepimwa atakuharibia tu kwa kusema kilichukua muda wa kufunga kamba za viatu. Ukisikia kwamba kuna kipimo cha damu kiitwacho PSA, kielewe vibaya: kikiwa juu, anza kugawa mashamba, kikiwa chini, jitangaze mzima wa milele. Asikwambie mtu kwamba hupanda pia kwa maambukizi ya njia ya mkojo, kwa tezi iliyokua bila saratani, hata kwa kutokwa na manii siku moja mbili kabla ya kupima. Anayethibitisha saratani ni mtaalamu wa maabara, baada ya kuchunguza vinyama vilivyokatwa kwenye tezi.

Ukishakatwa vinyama, majibu yasubiri peke yako. Usimwambie mkeo wala kaka yako. Siku ya majibu nenda peke yako vilevile. Daktari atataja alama za Gleason, atasema umepata 7, na wewe kwa mazoea ya shule utadhani umefaulu. Alama hizo kwa kawaida huanzia 6 na kuishia 10, na mwenye 10 ndiye mwenye saratani kali zaidi. Lakini ukishasikia neno "saratani", masikio yatakuwa yameziba. Mtu wa pili pale chumbani angekusikilizia mengine: kwamba mwenye 6, kwa mfano, mara nyingi hufuatiliwa kwa vipimo tu, bila kisu wala mionzi. Ndiyo maana usiende naye.

Kisha kunywa kila mzizi utakaoletewa, hadi mgongo na nyonga vianze kuuma. Saratani hii ikisambaa hupenda mifupa. Wengi hufika hospitali ya saratani ya Ocean Road wakati huo, na hapo mazungumzo na daktari huwa mengine kabisa.

Jihadhari pia na mifano mibaya. Nelson Mandela alikutwa na saratani hii mwaka 2001, akatangaza, akapigwa mionzi, akaishi hadi 2013. Desmond Tutu aliambiwa mwaka 1997, akaisema hadharani, akafariki Desemba 2021 akiwa na miaka 90.

Kwa wale ambao mwongozo huu umewashinda: ukifika miaka 50, au 45 kama baba au kaka yako aliugua, kamuulize daktari kuhusu kipimo cha damu. Na nenda na mtu.