Msumeno Mpya kwa Pesa za Bima: Mwongozo wa Fundi wa Buterere

Msumeno wako wa meza umezama kwenye tope la mvua, au umeungua pamoja na mbao za wateja, na kampuni ya bima imekubali kulipa. Pole, fundi, na hongera. Buterere imezoea pole kuliko hongera. Usiku wa kuamkia 10 Februari 2014, mvua kubwa ilishusha maji na tope kaskazini mwa Bujumbura, Kamenge, Kinama na Buterere zikiwemo, na zaidi ya watu 60 wakafa. Mwaka mmoja kabla, 27 Januari 2013, soko kuu la Bujumbura liliteketea, na wafanyabiashara wengi wakabaki na majivu na deni la benki kwa sababu hawakuwa na bima. Wewe unayo. Mwongozo huu umeandikwa ili fidia yako irudi kuwa mashine, isije ikageuka mchango wa harusi ya binamu.

Hatua ya kwanza: usijaribu kama bado inanguruma

Maji yakishapungua, kila jirani atataka uwashe mota "tuone tu". Mwambie arudi kwake. Mota yenye maji ndani ikipewa umeme huungua nyaya zake, na mtathmini wa bima ana haki ya kuuliza ni mafuriko yaliyoiua au ni wewe. Itoe majini, ipige picha, piga picha pia kibati cha mota chenye namba na nguvu yake, kisha toa taarifa ndani ya siku zilizoandikwa kwenye mkataba. Usiuze hata boliti moja ya mabaki kabla hayajakaguliwa, hata kama mnunuzi wa vyuma chakavu amekuja na mkokoteni na maneno matamu.

Hatua ya pili: piga hesabu kabla ya ndugu zako

Mkataba ukisema mashine italipwa kwa thamani yake baada ya uchakavu, msumeno wa miaka kumi hautalipwa bei ya mpya. Halafu ipo kanuni ya uwiano. Tuseme mashine yako leo ina thamani ya faranga milioni 6, lakini uliiandikisha kwa milioni 3 ili ada iwe nyepesi. Hasara ikiwa ya milioni 2, utalipwa milioni 1, kwa kuwa ulikatia bima nusu tu ya mali yako.

Wengi huumia hapa bila kujua, kwa sababu thamani iliyo kwenye mkataba hukaa palepale huku faranga ikishuka. Mei 2023, bei rasmi ya dola moja ilipanda kutoka karibu faranga 2,100 hadi zaidi ya 2,800, na mashine hizi hununuliwa nje kwa dola. Hesabu ya malipo usipoielewa, omba ielezwe kwa maandishi. Ukikwama, peleka suala lako ARCA, mamlaka inayosimamia bima Burundi.

Hatua ya tatu: wanyweshe washauri chai, kisha waage

Habari za fidia hufika mtaani kabla ya fidia yenyewe. Mtu wa kwanza kukupigia simu atakuwa na pikipiki ya kuuza. Wa pili atakuwa na mashine "ya Ulaya" iliyolala kwenye ghala la shemeji yake. Waulize wote maswali matatu: inatumia umeme gani, imepasua mbao gani, na msumeno wake una shimo la milimita ngapi? Asiyeweza kujibu mpe chai, mshukuru, msindikize hadi njiani.

Hatua ya nne: anza na nguzo ya umeme

Umeme wa REGIDESO, shirika la umeme la Burundi, ni volti 220, mizunguko 50 kwa sekunde. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya Marekani inataka volti 120 na mizunguko 60. Hata ukiinunulia transfoma, mota ya kawaida itazunguka polepole kwa karibu sehemu moja ya sita. Mashine kubwa inayohitaji fezi tatu ina heshima yake, lakini kama karakana yako ina fezi moja, utakuwa umenunua meza nzito ya kuanikia nguo.

Mota ya farasi 3, yaani kilowati 2.2, inatosha karakana nyingi za mlango mmoja. Wakati wa kuwaka huvuta umeme mara kadhaa ya kiwango chake, kwa hiyo jenereta ndogo ya kilowati 2 haitaiamsha. Ukiwa mwisho wa laini, pima volti saa za jioni. Volti zikishuka, mota hulazimika kuvuta umeme mwingi zaidi, hupata joto na hatimaye huungua. Weka swichi ya kinga inayokata yenyewe. Itakugharimu kidogo sana ukilinganisha na kusuka mota upya.

Hatua ya tano: vidole kwanza, rangi baadaye

Ukifika mbele ya mashine, usitazame rangi wala ukubwa wa meza. Tazama nyuma ya msumeno. Je, lipo bamba jembamba la chuma, limesimama karibu na meno na linapanda na kushuka pamoja na msumeno? Kama halipo, ondoka.

Sababu ni mti wenyewe. Sehemu kubwa ya mbao tunazopasua ni mkaratusi, na mkaratusi una mkazo ndani yake. Unapoupasua, nyuso mbili za mbao hurudi kubanana nyuma ya msumeno, meno ya nyuma yanayopanda huishika mbao na kuirusha kwa fundi. Bamba lile huuweka mpasuo wazi. Fundi aliyelifungua na kulitupa "kwa sababu linasumbua" ameondoa kitu pekee kilichosimama kati ya mbao ile na tumbo lake.

Marekani kuna mashine za SawStop, zilizotokana na uvumbuzi wa Stephen Gass mwaka 1999. Msumeno ukigusa nyama, breki huusimamisha kwa chini ya milisekunde 5. Ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini kila breki ikishapiga lazima inunuliwe nyingine, na mbao mbichi inaweza kuiamsha bure. Kabla ya kuitamani, hakikisha una njia ya kuagiza breki za akiba. Vinginevyo bamba, kinga ya juu na kijiti cha kusukumia mbao vitakulinda kila siku bila kuagizwa popote.

Hatua ya sita: heshimu hesabu ya puli

Mashine iliyochomelewa mtaani si dhambi, mradi mchomeleaji anajua kugawanya. Mota ya mizunguko 2,850 kwa dakika ikifungwa puli kubwa, na msumeno puli ya nusu yake, msumeno utazunguka mara 5,700. Ukiwa wa sentimita 35, meno yake yatakwenda mita 104 kwa sekunde. Kila msumeno umeandikwa mwisho wa mizunguko yake, nawe usiuvuke. Uliza pia wauza vipuri wa mtaa wa Buyenzi kama misumeno ya shimo lako inapatikana, kabla hujalipa.

Hatua ya saba: inua, sajili, kata bima

Jenga kitako cha zege, mota ikae juu ya alama ambayo maji yalifika mara ya mwisho. Alama hiyo bado iko ukutani kwako. Kisha nenda kwa bima na risiti mkononi: andikisha bei ya leo, uliza kwa maandishi kama mafuriko yamo, kwa kuwa mkataba wa moto peke yake mara nyingi hauyalipi, na rekebisha thamani kila mwaka unapolipa ada.

Kama pesa hazitoshi kwa yote, nunua mashine ndogo yenye bamba na kinga, uache kubwa isiyo navyo. Mashine ndogo utaikuza baadaye. Kidole hakina fidia inayokirudisha. Fanya uchaguzi huo, fundi, kabla ya kupasua ubao wa kwanza.