Tasnifu Bado, Ugomvi Tayari

Loh! Jamani, wasomi wetu wana mambo. Kijana yuko shahada ya uzamili, sura ya kwanza haina hata aya, lakini mkute hapa kijiweni mishipa ya shingo ilivyomtoka: programu ipi ya kupanga marejeleo ni bora, Zotero au Mendeley? Utadhani Simba na Yanga. Kahawa inapoa, muuza kashata kaduwaa.

Wa Zotero anajigamba kwamba yake ni ya bure tangu 2006, imezaliwa Chuo Kikuu cha George Mason kule Marekani, haina tajiri anayeimiliki. Wa Mendeley anabenua mdomo: "Wenzio tunapewa gigabaiti 2 za kuhifadhi faili mtandaoni, wewe na megabaiti zako 300 unasema nini?" Anachomwa pabaya papo hapo: yenu si ilinunuliwa na Elsevier mwaka 2013, wale wale wanaotutoza hela kusoma makala? Kimya. Halafu yupo bwana mkubwa wa EndNote. Programu ya kulipia, yeye kawekewa ya wizi steshenari, na virusi kapewa nyongeza. Ukiiona flashi yake, ikimbie!

Haya, ngoja waanze kazi sasa. Mtu anaokota taarifa Google Scholar, anabofya, programu inameza, na mwenyewe hana habari imemeza nini. Kinachokosekana kajaza kwa kubahatisha. Juzi nikaonyeshwa orodha ya marejeleo ya mmoja wao. Miongoni mwa waandishi yumo "Afya, W. ya". Nikawaza, huyu Bwana Afya ni mtu wa wapi, mbona maandishi yake mengi hivi? Kumbe Wizara ya Afya, ndugu zanguni! Jina la wizara zima kaligawa kwenye visanduku viwili, cha jina la kwanza na cha ukoo, programu nayo ikaamini Afya ndio ukoo.

Na dawa yake ni kitufe kidogo pembeni ya jina, hapo hapo kwenye Zotero, kinachofanya visanduku viwili kuwa kimoja. Wa EndNote yeye anatia mkato tu mwishoni mwa jina la taasisi. Lakini nani ahangaike na kitufe! Mwenzetu kaingia kwenye Word, kafuta kwa mkono, kaandika upya, kapumua. Akaongeza rejeleo jingine moja, programu ikapanga orodha upya, na Bwana Afya huyooo, karudi na W yake. Akamfuta tena. Akarudi tena. Msimamizi kazungushia kalamu nyekundu: "Huyu nani?"

Mnadhani kakaa akasoma maelekezo? Thubutu! Katutangazia leo kwamba Zotero ni takataka, yeye anahamia Mendeley. Na marejeleo yote anahama nayo, Bwana Afya akiwemo.