Sifa za Bi. Funza

Simba amesifiwa hadi amechosha. Yumo kwenye nembo, kwenye majina ya timu na kwenye vibandiko vya chupa, na wengi wanaomsifu hawajawahi kukutana naye. Funza, ambaye watu wasiohesabika wamelala naye kitanda kimoja, hana hata jezi. Nimeona nimsemee, maana mwenyewe kichwa chake kimezama ndani ya kidole cha mtu, hana nafasi ya kujitetea.

Nianze na nasaba, kama ilivyo desturi ya kumtaja mtu wa heshima. Bi. Funza si mzaliwa wa kwetu. Asili yake ni Amerika ya Kusini na visiwa vya Karibi, na mabaharia wa Columbus walikuwa miongoni mwa Wazungu wa kwanza kumkaribisha vidoleni. Mwaka 1872 alipanda meli ya Kiingereza, Thomas Mitchell, iliyotoka Rio de Janeiro ikiwa imejazwa mchanga wa kuipa uzito, akateremka Ambriz, pwani ya Angola. Hakuwa na ramani wala wapagazi. Wapagazi ndio waliokuwa naye. Akalikata bara zima kwa miguu, ingawa si yake. Misafara ya biashara ilimbeba, na ule wa mvumbuzi Stanley wa kumwokoa gavana Emin Pasha, ulioingilia mdomo wa mto Kongo mwaka 1887 na kutokea Bagamoyo mwishoni mwa 1889, unatajwa miongoni mwa waliompa lifti. Kabla karne haijaisha alikuwa ameshaiona Bahari ya Hindi. Stanley ana sanamu mjini Denbigh, kule Wales. Mwenzake, aliyevuka bara lilelile bila bunduki hata moja, hajawekewa hata jiwe.

Anayestahili sifa hizi ni jike. Dume hupandana naye, hufa, na hadithi yake huishia hapo. Jike ana urefu wa milimita 1 hivi anapobisha hodi, na kusema kweli habishi. Huingia kwa kichwa, akaacha nje ncha ya nyuma tu, na kwa kitundu hicho kimoja hupumua, hupandwa, hujisaidia na hutaga mayai. Waliowahi kupanga chumba kimoja chenye jiko, kitanda na watoto wanne watamwelewa haraka. Ndani ya wiki mbili tumbo lake huvimba likawa kama punje ya njegere, na ukimtazama kando ya ukucha utaona uvimbe mweupe, umetuna, na katikati yake kidoti cheusi. Hutaga mayai zaidi ya 100, yanadondoka sakafuni, naye baada ya wiki chache anafia humohumo. Kodi hajalipa, na maiti kamwachia mwenye nyumba.

Wala hana makuu. Kuruka kwake ni kwa shida, ndiyo maana haonekani sana magotini. Anaridhika na pembe za kucha, katikati ya vidole, kisigino, na ukingo wa unyayo. Watu wazima wenye viatu huwaachia nafasi. Huwapenda watoto na wazee, yaani wale ambao hawawezi kuinama vizuri kujitazama au hawana wa kuwatazama.

Hapa ndipo ninapompa heshima yangu kubwa zaidi, kwa sababu hakuna mtumishi wa umma anayeijua nchi kama yeye. Mgombea hufika mara moja kwa miaka mitano. Karani wa sensa huja kila baada ya miaka kumi, akauliza sakafu ni ya nini, akaandika, akaenda zake. Bi. Funza hahitaji kuuliza. Buu wake hukulia kwenye vumbi la sakafu ya udongo na ua usiomwagiwa maji, hasa kiangazi kinapokolea, na mahali palipo na saruji kizazi chake hakistawi. Ukitaka kujua ni nyumba ipi kijijini inayochota maji mbali, ipi inalaza mbuzi, mbwa na watoto chini ya paa moja, ipi ina bibi aliyeachiwa wajukuu, acha makabrasha ya wilaya. Tazama vidole. Takwimu zake hazijawahi kupikwa.

Tena ni mfadhili wa starehe. Yule asiyewahi kuwashwa na funza usiku, akajikuna kwenye ukingo wa kitanda mpaka macho yakamlegea, kuna utamu wa dunia hii ambao hajaonja. Mchana hukupa mwendo mpya: unatembelea visigino, vidole vikitazama juu, au unatembelea ubavu wa mguu ukiyumba, na mtu anakujua kwa mbali kabla hajakuona sura. Mtoto wa shule humpa likizo ambayo haimo kwenye kalenda ya wizara.

Na ni nani kama yeye kwa kukutanisha familia? Shangazi yangu alikuwa bingwa wa kutoa funza. Pini hakuipenda, alisema inateleza. Alitumia mwiba wa mlimau, akiuchoma kidogo motoni. Alikukalisha kwenye mkeka penye mwanga wa asubuhi, akaubana mguu wako kwapani, akaanza kuchokonoa ngozi pembezoni mwa kile kidoti, akizunguka polepole, ulimi nje. Sharti mfuko utoke mzima. Ukipasuka, kipande hubaki ndani, na usaha hauchelewi. Ukitoka mzima aliunyanyua kwenye ncha ya mwiba, mweupe, umejaa, nasi watoto tukasogea kuutazama kabla haujatupwa motoni na kulia pwa. Tobo lilijazwa majivu, au tone la mafuta ya taa, na hapo ndipo wengi tulipolia, si kwenye mwiba.

"Kaza moyo, mwanangu, bado wawili tu."

"Shangazi, si ulisema wawili tangu mwanzo?"

"Hao walikuwa wengine."

Mwiba huohuo ulipita kutoka mguu hadi mguu, na hapo ukarimu wa Bi. Funza hujidhihirisha, kwani hapendi kukaa peke yake. Huwafungulia mlango wageni wengine: bakteria wa usaha, pepopunda kwa asiyechanjwa, na kama chombo kinachangiwa damu kwa damu, homa ya ini na hata VVU. Akiachwa na jamaa zake wakawa wengi, kucha hung'oka na vidole hupinda.

Kuna kipaji kimoja ambacho wanasiasa wanapaswa kumwonea wivu. Bi. Funza hufanya uharibifu, lawama akabebeshwa aliyeharibiwa. Watu husema huyo ni mvivu, hanawi, karogwa, au ukoo wao una laana. Mtoto hutengwa darasani, na mama yake huacha kwenda kwenye vikao. Na hata msaada unapofika, hufika na kamera. Mabeseni yanapangwa uwanjani, maji yanatiwa dawa ya pamanganeti yakawa ya zambarau, na mheshimiwa anavaa glavu na kuinamia mguu wa bibi kizee mpaka picha itoke vizuri. Mabeseni hurudi kwenye gari. Bibi hurudi kwenye sakafu yake. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza upele na vimelea wengine wa ngozi, funza akiwamo, kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyopuuzwa. Kwa mtu wa unyenyekevu wake, sidhani kama kuna cheo kingine angeomba.

Sasa, wapo wanaotaka kumkosea adabu, na kwa kuwa mwandishi wa sifa hana budi kutaja na maadui, nitawataja. Adui wa kwanza ni mafuta ya dimetikoni, yaleyale ambayo Ulaya huuzwa kwa ajili ya chawa wa kichwani. Hayana sumu. Ni mepesi kiasi kwamba yakidondoshwa juu ya kile kidoti hupenya kwenye kitundu na kukiziba, naye anakosa pumzi. Watafiti waliyajaribu kwa watoto nchini Kenya, wakachapisha matokeo mwaka 2014: mguu mmoja ulipakwa mafuta hayo, mwingine ukaloweshwa kwenye pamanganeti. Baada ya siku saba, upande wa mafuta karibu funza 8 kati ya 10 walikuwa wameaga. Upande wa maji ya zambarau ni kama 4. Hakukuwa na mwiba, majivu wala kilio. Kazi ya mikono ya shangazi imedharauliwa hivihivi.

Viatu navyo ni matusi ya kadiri. Kule Madagaska watu waligawiwa viatu, na kinga ikawa pungufu, kwa kuwa havikuvaliwa kila siku. Atakayeshangaa hajawahi kuwa na jozi moja tu. Kiatu cha pekee huvaliwa pale watu wanapokuona. Hakivaliwi kuchota maji wala kufukuza mbuzi, na jioni, funza anapokuwa sebuleni, kinakuwa kimeshafutwa na kuwekwa juu ya kabati.

Kati ya damu ya mtu na ya mnyama hachagui, kwa hiyo kumtibu mtoto na kumwacha nguruwe au mbwa wa nyumba hiyo ni kumwonea nusu tu. Kunawa miguu kwa sabuni kila jioni na kuikagua humkera, lakini kunahitaji maji, na maji yako bondeni. Tusi asiloweza kulivumilia ni sakafu ngumu inayofagilika. Wenye nyumba wanalijua tangu zamani, na fundi keshapiga hesabu zaidi ya mara moja: mifuko ya saruji, mchanga, kokoto, gari la kuvipandisha mlimani, na malipo yake mwenyewe. Karatasi ya hesabu imechomekwa kwenye dari, karibu na kiatu. Bi. Funza hajafunga virago.