Mkeka, Sabufa na Hezi 144

Monita yetu ya zamani ilianza kuumwa mwezi wa Novemba. Ilikuwa ya inchi 17, imekaa mraba kama dirisha la choo, niliinunua ofisi moja ilipokuwa ikiuza vitu vyake chakavu. Kwanza ikageuka rangi ya waridi. Tukaizoea. Halafu ikawa haiwaki mpaka uizabe kofi shavu la kushoto. Hilo nalo tukalizoea. Usiku ambao Mama Neema alikuwa akifunga mahesabu ya kikoba, maana yeye ndiye mhazini, ikazima katikati ya jina la mwenyekiti. Tuliizaba makofi ya kushoto na kulia, haikurudi.

"Baba Neema," akaniambia kwa ile sauti ya upole ninayoiogopa kuliko kelele, "Jumamosi wanawake ishirini na wawili watakaa kwenye hii sebule wakiulizia hela zao."

Ikaitishwa baraza. Mama Neema alitaka herufi zinazosomeka. Neema, aliye chuo mwaka wa pili, alitaka nafasi ya kufungua kurasa mbili sambamba. Mdogo wake, ambaye nyumba nzima inamwita Dogo, alikuwa amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo, na namna yake ya kusubiri ni kucheza gemu. Yeye alitaka hezi 144. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Iringa kutibiwa macho, alitaka kitu kimoja tu: kiwe kinapokea king'amuzi, kwa kuwa televisheni ya sebuleni ilikwisha kuungua siku umeme uliporudi na hasira.

"Hezi ni mdudu gani?" nikauliza.

Dogo akanifundisha. Ni mara ngapi kwa sekunde monita inabadilisha picha. Ya kawaida ni hezi 60, yaani picha mpya kila milisekunde 16 na ushee. Ya hezi 144 inaleta mpya kila milisekunde 7. Adui akichomoza kwenye kona, mwenye 144 anamwona mapema kidogo. Nikamuuliza huyo adui ana haraka ya kwenda wapi, wote wakacheka, baraza likaendelea. Lakini nakiri kwamba ile namba ilinikaa moyoni. Mtu mzima akitajiwa namba kubwa hawezi kulala.

Mama Neema alileta hoja ya maana: si tununue televisheni tu, ya inchi 32, imalize kazi zote? Kwa nusu saa nilikuwa chama chake. Neema ndiye aliyetuangusha. Televisheni nyingi za bei nafuu za ukubwa huo, alisema, zina pikseli 1366 kwa 768, wakati monita ya kawaida kabisa ya inchi 24 ina 1920 kwa 1080. Vile vinukta vichache vimetandazwa kwenye kioo kikubwa, nawe umekaa hatua moja kutoka mezani: majina ya wanakikoba yataota meno ya msumeno. Mama Neema akawaza majina yenye meno, akanyamaza. Akatoa laki mbili na nusu, akazihesabu mara mbili, akanikabidhi Dogo awe shahidi.

Alhamisi tukapanda mwendokasi Kimara hadi Gerezani, na mfukoni nilikuwa na tepu ya fundi seremala. Kariakoo mimi siibiwi.

Duka la kwanza tu, nikaomba ya inchi 24, nikaitoa tepu, nikapima kioo kwa upana. Inchi 21 kasoro. Nikapandisha sauti ili na wapita njia wasikie: inchi tatu nzima zimekwenda wapi? Muuzaji, kijana mpole, hakubishana. Alichukua tepu mkononi mwangu, akaiweka kona ya chini kushoto, akaivuta hadi kona ya juu kulia. Inchi 24. "Mzee, monita tunapima konakona." Dogo alikuwa amekwenda kusimama duka la pili, kana kwamba amekuja na baba mwingine.

Kwa kuficha aibu nikaulizia ya inchi 27. Ilikuwepo, nayo ilipendeza, na ilikuwa imezidi kidogo tu bei. Dogo alirudi mbio kunizuia. Ile ya 27 ilikuwa na pikseli zilezile 1920 kwa 1080, ila zimenyooshwa kama unga wa chapati moja uliosukumwa upate mbili. Kwa 27, akasema, utafute yenye 2560 kwa 1440, na hiyo si ya laki mbili na nusu wala jirani yake. Tukarudi kwenye 24.

Hapo ndipo Dogo alipofanya jambo ambalo nilianza kwa kuliona utovu wa adabu. Alichuchumaa sakafuni, katikati ya duka, akaitazama monita kutokea chini. Ya bei rahisi kuliko zote, ambayo mimi nilikuwa nimeshaipenda, ikageuka: nyuso za watu kwenye picha zikawa nyeusi na kivuli kikawa cheupe. "Hii ni TN," akasema. "Bibi anakaa mkekani. Kila siku atakuwa anatazama tamthilia ya mashetani." Ya pili, ya aina ya IPS, ikatazamwa kwa kuchuchumaa, kwa kusimama pembeni, hata muuzaji mwenyewe akachungulia kwa ubavuni, rangi hazikusogea. Darasa lile sikulipata kwenye boksi lolote. Maboksi yote yalikuwa na tarakimu 1 kubwa, yenye miali ya moto. Nikauliza ni moja ya nini. "Moja ni moja tu, mzee," akasema muuzaji. Ni milisekunde moja, Dogo akanong'ona, kasi ya nukta kubadilika rangi, na wenye viwanda huipima siku ile inayowafaa wao.

Ile IPS ya inchi 24, hezi 144, tuliilipia laki tatu na themanini. Ile laki na thelathini ya juu ilitoka kwenye hela ya tairi la nyuma la pikipiki, na kwenye mwendokasi tulikubaliana mimi na Dogo kwamba suala la tairi halina haja ya kufika nyumbani.

Nyumbani tukakuta kwamba boksi lina waya wa HDMI, na kompyuta yetu, mtumba wa ofisi nayo, haina tundu la HDMI. Ina lile la bluu la VGA. Monita haina la bluu. Tukazitazama zile mbili kama wachumba wasiojua lugha moja. Ijumaa asubuhi nikarudi mjini kwa ajili ya kiunganishi cha elfu kumi na tano, na Jumamosi wanawake ishirini na wawili walizikuta hela zao, kila jina bila meno.

Jioni mama mkwe akaketi mkekani, tukachomeka king'amuzi, picha ikaja safi, na midomo ya waigizaji ikacheza bila sauti. Monita haina spika. Hakuna kati yetu, wenye elimu na wasio nayo, aliyeliwazia hilo Kariakoo. Nyuma yake kulikuwa na tundu dogo la hedifoni. Dogo akachukua waya wenye vichwa vyekundu na vyeupe, akaunga sabufa. Bahati mbaya sabufa ilikuwa imeachwa kwenye sauti ya harusi ya jirani. Mama wa kwenye tamthilia alimwambia mwanawe "nimekusamehe" na mtaa mzima ukasamehewa.

Kwa mwezi mmoja niliitembeza ile 144. Mgeni hakunywa chai kabla hajaonyeshwa. Niliwakalisha, nikasogeza ukurasa juu na chini, nikawauliza, "Unaona ilivyo laini?" Wakaona. Na mimi niliona, naapa, niliona.

Mama mkwe alikuwa ameshatolewa mtoto wa jicho, na kwa macho yake mapya hakuna vumbi lililosalimika. Siku moja, akifuta nyuma ya kompyuta, akamwita Dogo: "Mume wangu, hili tundu lenye kona moja iliyokatwa mbona halina mgeni?"

Ilikuwa DisplayPort. Ilikuwepo tangu siku ya kwanza, chini ya utando wa buibui. Dogo akaduwaa, kisha akafungua mipangilio, na ukweli ukakaa mezani: kile kiunganishi cha elfu kumi na tano mwisho wake ni hezi 60. Mwezi mzima wageni wangu waliona ulaini ambao haukuwepo. Tukanunua waya wake, tukachomeka, na bado ikasoma 60, mpaka Neema alipoingia ndani zaidi ya mipangilio ya skrini na kuichagua 144 kwa mkono. Windows haikuipandisha yenyewe.

Tukawasha gemu kwa shangwe. Likajikokota vilevile. Kompyuta yetu haina kadi ya picha. Inachora fremu thelathini na kitu kwa sekunde, inatokwa jasho, na monita haiwezi kuonyesha kisichochorwa. Mpaka leo, anayefaidi hezi 144 nyumbani kwetu ni kile kishale cha kipanya. Kinateleza kama samaki.

Dogo ameshaulizia kadi. Bei yake inaizidi kompyuta yenyewe, na Mama Neema juzi ameanza kulitazama tairi la nyuma. Nimemwambia Dogo kwamba na mimi nasubiri matokeo.