Kadi ya Zaka Msibani

Nch! Nch, nch, nch. Mtu amekata roho alfajiri, maji ya kumwoshea hayajapata moto, na tayari kuna anayeuliza kadi ya zaka iko wapi. Jamani, Tabora hii! Mji uliopitisha maiti ya Mkristo kabla haujapata hata padri wa kubatiza.

Nimekaa na jambo hili moyoni tangu Jumanne. Leo nalitoa hapa chini ya mwembe, mbele ya kahawa na kashata na watu wa dini zote, kwa sababu kule kanisani matangazo yanakwisha kabla mtu hajapumua. Mama mmoja muuza matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, amezikwa bila misa. Sitaji mtaa, sitaji kigango. Hapa si mahakamani. Jumuiya walifungua daftari, wakakuta jina lake halina tiki tangu Pasaka ya mwaka juzi na bahasha zake hazikurudi. Mwenyekiti akasema utaratibu ni utaratibu. Katekista akaja, akasali sala fupi, akashika baiskeli yake. Watoto wa marehemu wakabaki pale udongoni wameinamisha vichwa, wanaona aibu kwa kosa ambalo hata hawakulijua.

Msinikatishe kwanza. Mimi jumuiya naipenda. Maaskofu wa Afrika Mashariki, katika umoja wao wa AMECEA, walipoamua mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogo ndogo ndizo ziwe msingi wa uchungaji katika nchi zetu, waliona mbali kweli. Kanisa lilitoka kwenye jengo likaja uani, kwenye mkeka, kwa watu wanaojuana kwa majina na kwa madeni ya dukani. Ni kina mama wa jumuiya wanaojua nani hajala tangu jana. Ni vijana wa jumuiya wanaochimba kaburi saa sita ya jua, udongo wa Tabora umekauka, sururu inaruka. Kwa hiyo asije mtu akasema nawasema vibaya. Nasema kwa sababu kitu kizuri kinaharibikia mikononi mwetu.

Tujiulize, yule mama aliacha kuja kwa nini? Mguu ulivimba, biashara ikalala, akakosa cha kutia kwenye bahasha. Na asiye na bahasha anaona haya kukaa katikati ya wenye bahasha. Akakosa wiki moja, akakosa ya pili, ya tatu akahisi watu watamsema. Umaskini ulimtoa jumuiyani, kisha kutokuwapo kwake kukaandikwa kuwa utovu wa imani. Mnaona mambo yanavyojigeuza? Na daftari halina safu ya kuandika mguu uliovimba.

Sasa twendeni Kwihara, si mbali, mtu wa baiskeli anakwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Pale kwenye tembe walipokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, wageni wanapelekwa kuangalia kuta. Mimi nataka tuangalie maiti iliyopita. Livingstone alifia kwa Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873. Wenzake wangeweza kumfukia na kwenda zao, nani angewauliza? Chuma na Susi, watumishi wake, na wenzao wakauzika moyo wake kule kule, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaufunga, wakaubeba. Oktoba wakafika hapa kwetu Unyanyembe. Wakamkuta Mwingereza Cameron, ofisa wa jeshi la majini, naye akawashauri wamzike hapa hapa, kazi iishe. Wakakataa. Walikuwa wamekusudia kumrudisha kwao.

Mbele kidogo, Kasekera, wenyeji wakakataza maiti isipite katika nchi yao. Hapo ndipo ninapowavulia kofia watu wale. Wakafunga mabua ya mtama kwa umbo la maiti, wakawapa watu wachache wajifanye wanarudi nayo Unyanyembe kuizika, na mwili wenyewe wakaufunga upya kama robota la nguo. Ukapita. Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo, baada ya safari ya zaidi ya kilomita 1,500. Wakalipwa ujira wao, wakaambiwa basi. Mwili ukapanda meli, na kati yao wote Jacob Wainwright peke yake ndiye aliyesafiri nao mpaka mazishi ya Westminster Abbey tarehe 18 Aprili.

Sasa sikilizeni hili, na wewe kijana wa bodaboda zima hiyo pikipiki. Chuma alikuwa amebatizwa Bombay mwaka 1865. Susi je? Susi alibatizwa Zanzibar mwaka 1886, akaitwa David. Hesabuni wenyewe. Alipokuwa akiiongoza safari ile alikuwa hajabatizwa, na ubatizo wake ulikuwa bado miaka 12 mbele. Hana kadi, hana jumuiya, hana cheti. Amebeba maiti ya mmisionari katikati ya nchi yetu, huku sisi wenye vyeti tumeshindwa kumsindikiza mama wa matobolwa kutoka nyumbani kwake hadi makaburini. Nch!

Yesu aliposimulia habari za yule aliyeangukia mikononi mwa wanyang'anyi, aliiweka njiani, kati ya Yerusalemu na Yeriko, akawapitisha kuhani na Mlawi upande wa pili, kisha akamleta Msamaria ambaye kwa daftari la Wayahudi hakuwa na tiki hata moja. Watu wa njia ya misafara tulipaswa kuielewa hadithi ile kabla ya taifa lolote. Tumeishi juu ya njia hiyo.

Wapo watakaoniambia, mzee, hiyo ni huruma tu, Kanisa lina sheria. Vizuri, tuifungue sheria. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1184, inataja wanaonyimwa maziko ya Kanisa: walioikana imani hadharani, wazushi na wafarakanishi wanaojulikana, waliochagua kuchomwa moto kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangewakwaza waumini. Hata hao, wakionyesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa, mlango uko wazi. Na palipo na shaka anaulizwa askofu. Mwenye deni la bahasha yumo? Hayumo. Rudini nyuma kidogo, kanuni ya 1181, inayohusu sadaka za mazishi. Inaonya pasiwe na upendeleo kati ya mtu na mtu, na maskini wasikose maziko yanayostahili. Imeandikwa, imetiwa sahihi Roma. Sisi huku tumejitungia yetu.

Lakini sheria si mwisho wa maneno. Imani yenyewe ndiyo inayonikosesha usingizi. Misa ya mazishi ni nini? Tumeifanya kama zawadi ya mwanachama hai, wakati ni sala ya kumwombea aliyekwenda, ambaye sasa hawezi kujisaidia kwa lolote. Kama yule mama alikuwa mwema, mnyime kwa nini? Na kama alikuwa mdhambi, si ndiyo sababu ya kumwombea zaidi? Tuchukue Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, sura ya 12. Askari wa Yuda wamekufa vitani. Wenzao wanakwenda kuwazika, wanawakuta na vitu vya sanamu vimefichwa chini ya kanzu. Hirizi, jamani! Sisi hapa tunazijua hirizi. Yuda hakusema waachwe kwa fisi. Alipitisha mchango kwa walio hai, zikapatikana drakma 2,000 za fedha, akazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya wale wafu. Mchango ulitoka mifukoni mwa wazima ukaenda kumsaidia marehemu. Sisi tumeugeuza, tunamdai marehemu awalipe wazima.

Shehe wangu hapa ananiangalia tu, anatikisa kichwa. Tumekaa mtaa mmoja miaka mingi, najua anachotaka kusema. Kwao mazishi ni faradhi ya kifaya: wakijitokeza watu wakamwosha, wakamsalia, wakamzika, jamii yote imetua mzigo, wasipojitokeza, dhambi ni ya wote. Aliyekufa hahojiwi. Jumanne ile nani alileta turubai? Jirani wa marehemu anayeswali msikiti wa barabarani. Nani alileta unga wa kwanza? Yeye huyo. Nasema haya bila kuona haya kwa ajili ya dini yangu, maana naona dini yangu inasema yale yale, ila tumeacha kuisikiliza.

Na Wamoraviani wasikae wakitabasamu. Mmekuwa Urambo tangu 1898 mlipopokea kazi kutoka kwa wamisionari wa London, na kule Herrnhut, Ujerumani, mlikotokea, makaburi yenu yana mawe bapa yanayofanana, fundi na bwana wamelala sawasawa, isipokuwa ukoo wa Zinzendorf, mlezi wa kanisa lenu, waliowekewa mawe yaliyoinuka. Hata pale usawa ulishindikana padogo. Ulizaneni nyinyi kwa nyinyi msibani mnafanyaje.

Unyamwezi ni nchi ya wapagazi. Babu zetu walibeba farasila mbili za pembe begani mpaka pwani, wakabeba shanga na nguo na, wamisionari walipokuja, wakawabebea hata altare zao. Mtu wa hapa hahitaji mwalimu wa kumweleza mzigo ni nini. Kwa hiyo ninaposoma Mathayo sura ya 23, pale Yesu anapowakemea walimu wa sheria wanaowafungia watu mizigo mizito nao wasiiguse hata kwa kidole, naisikia kwa mabega. Kisha naona njiani kuelekea Golgota, aliyekamatwa asaidie kuubeba msalaba ni Simoni wa Kirene, Mwafrika wa pande za Libya, mpita njia. Kuna wanaofunga mizigo na kuna wanaoiingilia kuibeba. Daftari letu limetuweka upande gani?

Najua hofu ya mwenyekiti, na si hofu ya kijinga. Anasema tukilegeza, hakuna atakayetoa zaka, paa la kanisa litavuja, katekista atakula nini? Kweli tupu. Lakini mdaini mtu akiwa hai! Nenda kwake, kaa kwenye kigoda chake, mwulize kwa nini hatukuoni. Ukimkuta ana pesa na mkono mgumu, mseme usoni. Ukimkuta mguu umevimba, funga daftari umpeleke hospitali ya Kitete. Adhabu ya maziko haimgusi aliyekufa hata kidogo. Inawapata yatima, nao hawatasahau. Mmoja wa wale watoto, yule mkubwa, ameniambia kanisani harudi tena. Nilikosa la kumjibu.

Basi nitakalolifanya ni hili. Jumapili hii kuna kikao cha viongozi baada ya misa ya pili. Nimeomba nafasi. Kanuni zote mbili nimezinakili kwa mkono wangu kwenye karatasi, na Wamakabayo nitawasomea wenyewe, polepole. Nitaomba mambo mawili: daftari lisivuke kizingiti cha nyumba ya msiba, na jumuiya iwe na mfuko wa mazishi tunaouchangia sisi wazima, hata shilingi 500 kwa wiki, wa kumzika yeyote aliyebatizwa, aliyelipa na asiyelipa. Jambo la tatu nitamwomba paroko mwenyewe, pembeni: misa ya arobaini ya yule mama, na atangaze jina lake lote madhabahuni. Na wewe kijana, siku hiyo pikipiki yako naihitaji. Yule mtoto mkubwa anakaa mbali, nami nataka nimfuate mwenyewe.